Nani Hajaelewa Anyooshe Mkono

(Hotuba ya Mheshimiwa Leodegar Kibinda, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Maandalizi ya Uzinduzi wa Kituo cha Msaada wa Mapema wa Masomo kwa Maofisa Wanafunzi, aliyoitoa Jumamosi mchana katika ukumbi wa harusi, ghorofa ya tatu, Kariakoo.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, kwa kuwa yule tuliyemwalika amepata udhuru. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ni mimi pia. Ndugu Uwesu, mshereheshaji wetu, mwenye sauti ya kunadi samaki sokoni Feri mpaka watu wa Kigamboni, ng'ambo ya maji, wakaanza kupandisha bei. Mwenye ukumbi, aliyetukubalia tukae humu mpaka wenye harusi yao watakapofika. Viongozi wa dini mliopo na mlio njiani. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa jumla na wa rejareja. Mabingwa wa mitumba kutoka Mchikichini. Wazazi, walezi, mashangazi, na ninyi majirani ambao najua mmefuata pilau. Na ninyi vijana wangu wapendwa, maofisa wanafunzi wa Chuo cha Kijeshi cha Mkole Mmoja, mliokaa wima kwa mistari mpaka viti vyenyewe vinaona aibu: itifaki imezingatiwa, na ambaye haikumzingatia basi ajizingatie mwenyewe. (Kicheko. Makofi.)

Shikamooni wazee! (Marahaba!) Vijana, hamjambo? (Hatujambo, afande!) Mmesikia wenyewe? Afande! Mimi ambaye sijawahi kuvaa gwanda hata la kuazima, mimi ambaye mgambo nilikwepa kwa sababu ya goti hili la kushoto, leo naitwa afande kwenye kipaza sauti! Ndugu zangu, nimefurahi, nasema nimefurahi, na mtu akifurahi asijibane. (Vigelegele kutoka upande wa mashangazi.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria, na ninaposema ya kihistoria simaanishi historia ile ya kufundishwa darasani ukasinzia, namaanisha historia yenyewe, kwa sababu leo tunazindua rasmi, kimkakati na kwa mtazamo wa mbali, Kituo cha Msaada wa Mapema wa Masomo, ambacho kitakuwa kitovu, chimbuko, kichocheo na, kama washirika wetu wanavyopenda kusema, habu ya intavensheni shirikishi kwa ofisa mwanafunzi yeyote anayeyumba kimasomo, ili asiyumbe akaanguka, na akianguka asianguke peke yake, bali aanguke ndani ya mfumo. (Makofi.) Kwani kijana anaweza kukimbia kilometa ishirini na begi la mawe mgongoni, akalala kwenye tope, akaamka akapiga gwaride vumbi likatimka, lakini ukimpa hesabu za pembe, akokotoe shabaha iko umbali gani bila kuifuata kwa miguu, anakutazama hivi. (Msemaji anaonyesha anavyotazamwa. Kicheko kikubwa.) Huyo ndiye mlengwa wetu. Huyo tunamwambia, kijana, usingoje mtihani wa mwisho. Njoo mapema! Njoo wiki ya kwanza! Njoo kabla hata hujajua kwamba hujui!

Msaada! (Mapeeema!) Msaada! (Mapeeema!) Uwesu, wape tena. (Uwesu: "Msaadaaa!" Ukumbi: "Mapeeema!" Mtoto mmoja anaanza kulia.)

Sasa, wapo wanaouliza huko mitaani, kuanzia Buguruni mpaka Kivukoni, "Huyu Leodegar anafanya nini ofisini?" Nawajibu kwa takwimu. Kamati yangu haikukurupuka. Tulifanya utafiti wa kisayansi, tena wa nyanjani, kwa maana halisi ya neno, kwa sababu tuliufanya katikati ya kiwanja cha gwaride. Tulipanga chuo kizima kwenye mstari, mkuu wa mafunzo akasimama mbele na fimbo yake kwapani, wakufunzi wote wakasimama nyuma yake, halafu mimi mwenyewe nikashika kipaza sauti nikauliza kwa uwazi na ukweli, "Nani hajaelewa masomo anyooshe mkono!" Ndugu zangu, hakunyoosha mtu. Hata mmoja! Nikauliza tena kwa lugha nyepesi, "Mmeelewa?" Wakaitikia, "Ndiyo, afande!" mpaka kunguru wakahama. Asilimia mia moja! Nionyesheni chuo kingine duniani ambako uelewa umefika asilimia mia moja kwa swali moja! (Makofi ya wastani. Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, makofi makubwa yasiyo na mpangilio, na mtu anapiga mluzi.)

Asanteni, asanteni sana wa kule nyuma. Hawa wa nyuma wananielewa. Naona mmegeuza viti mkanipa migongo, lakini makofi ni makofi, mimi sichagui yanakotokea.

Tuendelee. Nguzo ya kwanza ya mkakati wetu ni ujenzi wa uwezo. Nguzo ya pili ni uwezo wa ujenzi. Nguzo ya tatu tumeiacha wazi kwa ajili ya wafadhili. (Kicheko.) Wahenga walisema, na ninaheshimu sana walichosema ingawa karatasi hiyo imebaki kwenye gari, kwamba... Ndiyo, mama? Mama wa baibui nyeusi, mbona umesimama? Maswali yatakuwa mwishoni, baada ya mwisho. Haya, sema, lakini kwa ufupi, hotuba hii ina kurasa.

(Mama: "Mimi naitwa Tasneem, nina duka la vitambaa hapo chini. Mheshimiwa, mwezi wa kwanza mimi na mwanangu Muaz tulikuja ofisini kwako. Alikuwa na wiki moja tu chuoni, akaona hesabu zinamshinda, akasema mama, nikaombe msaada mapema. Wewe ukatuambia tusubiri uzinduzi.")

Mnaona? Mnaona, ndugu wananchi? Huu ndio ushuhuda! Mama huyu alikuja mapema kiasi kwamba sisi wenyewe tulikuwa bado hatujafika! (Makofi. Mama Tasneem hapigi.)

("Mwanangu ameshaanguka mtihani mara mbili, baba. Wa tatu ni Jumatatu. Akianguka tena anavuliwa gwanda, anarudishwa nyumbani. Na hilo gwanda, tangu yuko darasa la nne analitaka. Nakuuliza kituo kiko wapi, nimpeleke leo hii hii.")

Mama, swali zuri sana, tena limekaa kitaalamu, nalipokea, nimelipokea, na nitalijibu mahali pake. Jumatatu ni mbali! Kati ya sasa na Jumatatu kuna Jumapili nzima! Kaa, mama yangu, kaa, unywe soda, Uwesu mletee mama soda, ya baridi, na wewe mwenyewe usiinywe njiani. (Kutoka nyuma, makofi makubwa zaidi. Sauti: "Ameipata! Pembe ya kwanza ameipata!")

Asanteni sana! Ni kweli, nimeipata. Hata mimi nilipokuwa naandika sehemu hii nilijiambia, Leodegar, hapa umepata.

Sasa nakuja kwenye kilele cha shughuli, yaani kukata utepe. Ndugu zangu, utepe huu si utepe wa mchezo. Ni satini nyekundu ya daraja la kwanza, tumeinunua hapo hapo kwa mama Tasneem, mita nyingi kuliko mahitaji, kwa sababu tulitaka mtu akiutazama ajue kwamba hapa pana jambo zito. Uwesu, lete mkasi. Lete na... Uwesu, utepe uko wapi? Uko wapi utepe? (Uwesu ananong'ona.) Sema kwa sauti, hapa tuna uwazi. (Uwesu: "Umeenda nyuma, mheshimiwa. Yule mama mwenye sari ya kijani kaufunga kwenye kiti cha bibi harusi.") Kwa nini kaufunga kwenye kiti cha bibi harusi? ("Anasema kiti ndiyo shabaha.")

Samahanini kidogo, ndugu wananchi. Wewe mama wa sari ya kijani, ni nani wewe, na umeruhusiwa na kamati ipi?

("Mansi, mheshimiwa. Nafundisha hesabu sekondari, Upanga. Nimekuja na jirani yangu Tasneem nisikie hicho kituo. Nimeona hotuba ndefu, mtoto ana mtihani, nikasema tusipoteze muda. Nimevuta utepe kutoka kwenye kiti mpaka kwa Muaz, halafu mpaka kwa mwenzake kule dirishani, kisha nikaurudisha kwenye kiti. Ni pembetatu tu. Endelea wewe, hutusumbui.")

Hamsumbuliwi! (Kicheko cha ukumbi mzima.) Mmesikia, ndugu zangu? Hotuba yangu haisumbui! Nimehutubia mikoa mingi, nimekatiwa umeme, nimekatiwa maji, lakini sijawahi kupewa sifa kubwa namna hii. Basi mwalimu endelea na pembetatu yako, na mimi naendelea na nguzo zangu, huo ndio ushirikishwaji wa wadau. Ila mkasi nitakuja nao huko huko. Utepe ulipo, ndipo uzinduzi ulipo. (Msemaji anashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi. Waya unamnasa mguu. Makofi.)

Nikiwa njiani naomba niseme kidogo kuhusu mimi. Mradi huu niliubuni mwenyewe, nikauandikia andiko mwenyewe, nikaulea, nikausafirisha kwenye semina ukapigwa picha. Nimeambiwa na watu wanaojua kwamba nembo yake ndiyo nzuri kuliko nembo zote za miradi ambayo... pisha kiti, kijana, asante... ambayo ina nembo. Haya, nimefika. Aisee, ni kweli, ni pembetatu. Na wewe ndiye Muaz? Mbona unatoka jasho, mwanangu, na feni zote hizi? Haya, wapiga picha njooni. Mkasi huu hapa. Kabla sijakata, kwa mujibu wa taratibu, lazima niwaulize vijana swali la tathmini. Maofisa wanafunzi! Kuhusu yote niliyosema leo, na yote mliyofundishwa tangu mwaka uanze, mmeelewa?

(Ukumbi unatikisika: "Ndiyo, afande!")

Mmeelewa?

("Ndiyo, afande!" Na sauti moja, imechelewa, nyembamba, kutoka kwenye kona ya utepe: "Hapana, afande!")

Nani huyo?

("Ofisa mwanafunzi Muaz Habib, afande! Sijaelewa, afande! Siku ile kiwanjani pia sikuelewa, afande, niliitikia tu kwa sababu wenzangu waliitikia. Usikate utepe, nakuomba. Pembe ya kwanza nimeipata, lakini ya pili bado.")

Kijana, kaa chini, unaniharibia asilimia! (Muaz hakai.) Yaani umesimama na gwanda mbele ya wenzako unasema...

("Hata mimi sijaelewa, afande!" Ni yule wa dirishani, kwenye kona nyingine ya utepe. "Elisaria Mmari, afande! Mimi hata ya kwanza sijaipata!")

Jamani.

("Na mimi, afande!" "Mimi pia, afande!" "Afande, kwani hiyo sine ya pembe ni nini?" Mikono inanyooka mstari kwa mstari, mpaka ukumbi mzima wa makombati ni mikono tu. Vigelegele. Mama Tasneem anacheka na kulia kwa pamoja, anajifuta kwa ncha ya mtandio. Mashangazi wanapiga meza.)

Ndugu wananchi! Tulieni! Ndugu wananchi, hili... hili ni jambo jema! Hili linaitwa mahitaji! Mahitaji yamejitokeza yenyewe, mbele ya mgeni rasmi, na kamera zimeyaona! Naliingiza kwenye ripoti kama mafanikio! Msaada! (Mapeeema!) Nani hajaelewa? (Sisiii!) Nani anajivunia? (Sisiii!) Hiyo ya pili nimeibuni sasa hivi, na nzuri. (Kicheko, makofi, mluzi.)

Kwa hayo machache, nielekee kwenye shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi. Namshukuru mpishi, ambaye pilau yake imenukia tangu ukurasa wa pili. Namshukuru Uwesu, kasoro soda ya mama Tasneem, ambayo naona imefika nusu. Nawashukuru wachapaji wa fulana, waliotengeneza mabango, walioshona bendera, na wote waliohusika na uzinduzi huu, ambao kwa kweli ulikula bajeti yote. Na mama Tasneem, uliuliza kituo kiko wapi, na niliahidi kujibu mahali pake, na hapa ndipo mahali pake: nawashukuru sana, kutoka moyoni, kwa kuja kwa wingi kuzindua kituo ambacho, kwa kuwa siku ile kiwanjani hakuna aliyenyoosha mkono, kamati iliona si busara kukijenga. Hakuna kituo, mama. Hakuna chumba, hakuna mwalimu, hakuna hata ubao. Kuna nembo.

(Mwalimu Mansi: "Basi nyamazeni kidogo, tumalize. Mheshimiwa, weka huo mkasi chini, na huo mkono uliobaki wazi, nishikie hapa.")

Hapa? Hivi? Nishike tu? Haya. Wenye harusi, nawaona mmefika mlangoni, karibuni, kaeni popote palipo na kiti, ila kile cha bibi harusi kinatumika. Shhh! Mwalimu anasema. Endelea, Muaz, sema polepole.

("Kwa hiyo nikijua umbali kati yangu na Elisaria... na pembe yangu... na pembe yake... basi kile kiti, hata nisipokifuata... Ngoja. Ngoja, mwalimu, usiniambie. Hii hapa! Inatoka! Mama, inatoka!" Ukumbi unalipuka. Bibi harusi anapiga vigelegele mlangoni bila kujua ni vya nini. Mwalimu Mansi: "Vizuri. Sasa mfundishe huyu Elisaria, nikuone. Na kesho asubuhi wote mje kwangu na daftari. Mheshimiwa, achia utepe, tumemaliza. Mheshimiwa?")

Mwalimu, samahani, kabla sijaachia. Uwesu, zima kipaza sauti. Kimezimwa? Mwalimu, hapo kwenye pembe ya pili, mimi mwenyewe sijaelewa.

(Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa.)