Vyuma vya Ngazi na Kichwa Changu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Mkaguzi wa majengo kapanda ngazi yangu mpya, kapitisha ngumi kati ya vyuma vya pembeni, kasema haifai. Eti kichwa cha mtoto kitapita. Nikamtolea kitabu cha kanuni nilichojengea. Akasema hicho cha zamani, kanuni hupitiwa kila miaka mitano. Miaka mitano! Suruali yangu ya harusi imedumu zaidi. Mimi niliyejenga nusu ya mji huu, na nusu nyingine nikakataa mwenyewe, leo nifundishwe ngazi?

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kasema, baba, mtoto ameanza kutambaa, simleti mpaka mkaguzi apitishe. Chumba chao cha juu nimekipaka rangi kwa mkono wangu, na huyo mjukuu, mchumba wangu, sijampakata hata mara moja. Shemeji yangu Cheche, fundi wa kuchomelea, kaja kujitolea aongeze vyuma. Anapima huku anacheka. Nimemfukuza.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nikamwita mkaguzi, nikakusanya na majirani wasikie. Nikahutubia: kanuni za ujenzi zibadilishwe mara moja katika maisha ya mtu, tena akishakufa. Kisha nikathibitisha kwamba hapo hakipiti kichwa cha binadamu yeyote. Nikaingiza changu.

Kikapita.

Kurudi, masikio yakagoma. Mkaguzi akauliza kwa upole kama bado nina hoja. Mke wangu akasema niachwe hapohapo mpaka kanuni zipitiwe tena. Akaitwa Cheche na mashine yake. Akaniuliza, shemeji, nikate chuma au masikio?

Ijumaa, 7 Machi

Cheche kabananisha vyuma. Mkaguzi kapitisha. Mchumba wangu kaja, katambaa moja kwa moja hadi kwenye ngazi, kasukuma kichwa. Hakikupita. Akalia kwa hasira, babu mtupu. Nimempakata mpaka akasinzia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza kibaraza cha juu. Cheche kauliza vyuma tupange kwa kipimo kipi. Nikamwambia cha kitabu changu. Wao si wanabadilisha kanuni kila siku? Watazunguka weee, mwisho watarudi kwenye kitabu changu, wanikute palepale.

Jumatatu namwita mkaguzi aone mwenyewe. Safari hii nitapaka masikio mafuta.