Jipni Iliyojaliwa Umeme

Alhamisi, 9 Mei
Taa za jipni yangu, basi langu dogo la abiria, zinawaka kama jua la saa sita. Zilianza ukali mwezi uliopita. Nilidhani ni bahati, sasa naona ni kibali. Jumatano ijayo ni sikukuu ya San Isidro, na Bibi Remedios wa kamati atachagua jipni ya kuvuta kigari chenye sanamu ya mtakatifu huyo na kukiwashia taa. Marehemu Baba alikivuta miaka kumi na minane, kwa jipni hii hii. Alipofariki, heshima ikaenda kwa Dencio, mwenye jipni mpya na majivuno yasiyoenea mlangoni. Mwaka huu inarudi nyumbani. Nimeapa.

Balbu tatu zimeungua safari ya mchana. Mambo madogo. Pia kulikuwa na harufu ya yai viza. Nyuma alikaa muuza mayai ya bata na kikapu chake, nikamshusha njia panda. Akalalamika kwamba mayai ni ya leo asubuhi. Nikamwambia pua yangu haina upendeleo.

Ijumaa, 10 Mei
Muuza mayai hakupanda. Harufu ilipanda.

Nimefungua boneti. Betri ya moto haishikiki, inanuka yai viza, maji yamekauka. Mke wangu Perlita akasema hiyo ni oltaneta inachaji betri kupita kiasi, nimpelekee Ising, fundi umeme. Ising ni dada yake Dencio! Afadhali nibebe abiria mgongoni.

Nina akili zangu. Umeme ukizidi, ongeza walaji, kama wali ukibaki unavyoita majirani. Nimefunga balbu kumi na nne kuzunguka paa.

Jumamosi, 11 Mei
Walaji wote wamekufa. Balbu moja moja, kutoka sokoni hadi kanisani, abiria wakizihesabu kwa sauti. Redio nayo kimya.

Nikawaza: betri ina kiu. Maji ya betri yanauzwa mjini, mbali. Kanisani kuna pipa la maji ya baraka, na jipni yenyewe ilibarikiwa kwa maji hayo hayo siku Baba alipoileta. Yataigeuka vipi? Nikajaza dumu. Padri akanikuta, akauliza yote hayo ya nini. Nikasema mama mkwe yu mahututi.

Jumapili, 12 Mei
Padri amekuja na mafuta ya wagonjwa. Amemkuta mama mkwe anapasua kuni. Tangu hapo mama mkwe hanisemeshi, na kusema kweli nyumba imetulia.

Betri imechemka, imetema maji mpaka rangi ya boneti imebanduka. Ukaguzi wa kamati ni keshokutwa. Naogopa. Nikikosa tena, watasema Baba hakuacha mtoto, aliacha dereva.

Jumatatu, 13 Mei
Nimekwenda kwa Ising. Nilimwambia jipni ni ya rafiki. Akasoma jina la Baba lililoandikwa juu ya kioo, akasema nimpe pole huyo rafiki.

Akaweka mita kwenye betri. Injini imezimwa: volti kumi na mbili na ushee. Imewashwa: kumi na sita. Akakanyaga mafuta: kumi na saba na nusu! Akasema gari zima huishia kumi na nne na kidogo. Nikangoja aniambie ninunue oltaneta mpya, nikasirike, niondoke. Badala yake akalala chini ya dashibodi, akatoka na waya mwembamba mwekundu, umekatwa.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Waya ule unatoka kwenye betri kuiambia regulata, kidhibiti cha oltaneta, kama betri imeshiba au bado. Ukikatwa, regulata inadhani betri ina njaa siku zote, inaiamuru oltaneta imimine tu. Akauliza ni nani aliyeukata. Halafu akauliza ile taa ndogo ya Bikira Maria juu ya dashibodi, niliyoifunga Aprili, inapata wapi umeme. Nikasema waya ule ndio uliokuwa karibu. Akasema Mama Maria hajawahi kumtuma mtu amwibie.

Akauunga waya. Bikira akapewa waya wake na fyuzi yake. Betri yangu ilikuwa imeshakufa, akaniwekea nyingine kuukuu. Mita ikasoma kumi na nne nukta moja, ikatulia hapo. Akaniapisha nisiuguse waya ule mpaka kufa.

Jumanne, 14 Mei
Nimechaguliwa! Bibi Remedios akasema Ising amemhakikishia kwamba gari ni zima. Dada yake Dencio, kanitetea mimi. Niliona haya kidogo, ikapita.

Jumatano, 15 Mei
Magharibi tukaanza safari. Taa nilizonunua upya zilikuwa nzuri. Nzuri tu. Nyuma yangu Dencio alikuwa amefunga za rangi saba, na nikasikia mtu akisema wa nyuma kapendeza kuliko mtakatifu.

Mkono ukaenda chini ya dashibodi wenyewe, ukaung'oa waya mwekundu.

San Isidro akang'aa mpaka mikunjo ya kofia yake ikaonekana. Watu wakashangilia, nami nikalia kwa ajili ya Baba. Tulipofika sokoni balbu zikapasuka zote. Giza. Watu wakawasha mishumaa, wakakifungua kigari, wakakifunga kwa Dencio. Bibi Remedios hakunitukana. Alinishika bega tu, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Alhamisi, 16 Mei
Ising amekataa kunifungulia geti. Sawa. Nimekaa na aibu yangu tangu alfajiri, nikapata jibu: waya hauna kosa, balbu ndizo dhaifu. Nimepata za lori kubwa, za volti ishirini na nne. Hizo haziungui ovyo. Nimezifunga zote, nikawasha. Zinatoa mwanga wa kipepeo mgonjwa. Zinahitaji umeme zaidi. Lazima kuna waya mwingine wa kukata.

Perlita anauliza nafanya nini chini ya dashibodi na koleo. Nimemwambia nasali.