Chuo Kikuu cha Kulala Kwenu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi mwenyewe, Mchungaji Nashon, Bwana Chifu, wazee wa Riruta na Kawangware, kina mama wa kwaya mlioimba tangu asubuhi na sauti bado mnazo, Mzee Kihara mwenyeji wetu, wanafunzi watarajiwa, mabibi na mabwana: Bwana asifiwe! (Amina!) Bwana asifiwe tena! (Amina, chache.)

Mimi Zadock Ambundo, Mwenyekiti wa Kamati ya Matayarisho ya Mipango ya Chuo Kikuu cha Kutwa, nasimama hapa mtaani Satellite, mwaka huu wa Bwana elfu moja mia tisa sabini na nne, kuwafungulia chuo chenu. Ninyi ni watu wangu, sitawaficha kitu. Shule niliishia darasa la sita, lakini Mungu hutazama moyo, na kamati hutazama nani ana koti. (Vicheko.)

Tulitaka chuo cha mtoto ambaye baba yake hana uwezo wa bweni. Basi sabkamiti yangu ikakaa Kitisuru mwaka mzima, kwenye baraza yangu, mke wangu Philister akituongezea chai, tukipima utulivu unaohitajika kwa masomo ya juu, mpaka tukavumbua jambo ambalo Ulaya hawajalivumbua: mwanafunzi alale kwao! (Makofi.) Wale wa bweni wakikuta mdudu kwenye maharagwe wanagoma, wanarusha mawe. Wetu akikuta mdudu, amgomee mamake tuone! (Vicheko. Sauti ya mama: "Ajaribu!")

Hapo tukajiuliza, kwa kina na kwa upana: ikiwa mwanafunzi analala kwao na kula kwao, ya nini kumjengea maktaba, na kwao kuna meza? Na kama anasomea kwao, darasa la nini, lije livuje, lituaibishe mbele ya wageni? Kwa plani hiyo, ndugu zangu, gharama ya projekti imeshuka kwa asilimia tisini na tisa, na ile moja iliyobaki ni chai.

Nasikia mtu anauliza, "Na mwalimu je?" Nani huyo? Dalmas fundi viatu? Dalmas ndugu yangu, usiwe Tomaso. Mwalimu naye ni wa kutwa. Yuko kwao. (Mluzi.)

Sasa mtazameni binti huyu aliyeshika sinia yenye mkasi. Ni Nanjala, wa Mama Namalwa. Kidato cha sita amefaulu, na jana Ijumaa, kwa imani kubwa, akaacha kazi yake ya kushona kwa Mama Virginia kule Hurlingham, ili leo awe mwanafunzi wetu wa kwanza. Hata mkasi huu ni wa huko dukani, ameuazima kwa ajili yetu. Hiyo ndiyo imani! Nanjala mwanangu, una neno?

("Mzee, Jumatatu niingilie mlango gani?")

Swali zuri! Swali la chuo kikuu kabisa! Mlango, mwanangu, ni ule ule uliopitia leo asubuhi ukitoka kwenu. (Minong'ono. Mama Namalwa: "Mlango wangu mimi?") Ndiyo, mama. Hongera, sasa wewe ni tawi.

Wote tuseme salamu ya chuo: Elimu ya juu! (Mtu mmoja: "Paa la kwetu!") Nyumba moja! Chuo kimoja! Haya, mtaizoea.

Namshukuru Mchungaji kwa viti, ambavyo vinarudi kanisani leo kabla ya ibada ya kesho. Namshukuru Mzee Kihara kwa kutuazima shamba; anaomba tukitoka tusimkanyagie viazi. Tena namshukuru kwa kamba ya ng'ombe wake, ambayo tumeipaka rangi tukaiita utepe. Na sasa naukata. Nanjala, lete mkasi. Nanjala?

(Nanjala ameweka sinia chini, ameshika njia ya Hurlingham, mkasi mkononi, anakimbia.)

Binti, rudi! Historia inakungoja! (Mama Namalwa: "Kimbia mwanangu, kimbia! Kabla Mama Virginia hajaajiri mwingine!")

Haya. Nani hapa ana kisu? Hakuna? Hata wembe? Basi, Mungu ni mwema. Mzee Kihara, ifungue tu kamba yako. Ng'ombe ameshafika kwenye viazi.