Dagaa wa Rozalia Hawalowi

Habari ya kijiweni kwetu Kibirizi, kando ya mwalo wa wavuvi, siku ile aliileta Dismasi, tunayemwita Karabai kwa kuwa akiwaka hazimiki. Mimi nilikuwa napepea mkaa chini ya birika la kahawa.

"Jamani, mvua ya jana imelowesha dagaa wa mwalo mzima. Wangu wananuka. Wa Rozalia je? Wakavu, ukiwashika wanalia kacha kacha!"

"Rozalia yupi?" akauliza Gervasi, ambaye kwetu ni Redio, maana redio yake haitoki begani.

"Yule mkimbizi wa Burundi. Mchawi mtupu! Mvua inamkwepa. Nikimaliza kikombe hiki naenda kwa balozi wa nyumba kumi, arudishwe kambini leo hii."

Bwana Afya, mgeni wetu kutoka Songea, akafuta masharubu. "Karabai, juzi uliuza dagaa nusu mchanga. Ulijiteteaje?"

"Shetani alinipitia."

"Na ulipomzaba shemeji yako kibao msibani?"

"Huyo huyo."

"Sasa kwa nini wewe akupitie tu, halafu kwa Rozalia ahamie na mkeka?"

Redio akacheka hadi kahawa ikamtoka puani. "Kwako stendi, kwa mwenzio kajenga!"

"Chekeni! Mimi binadamu, nilikosea. Yule ndiye shetani mwenyewe."

"Ana watoto, Karabai," nikasema. "Huko kambini atauza nini awalishe?"

"Bibi, huruma itakuponza."

Kule mchangani, Rozalia alitazama mawingu juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, akaanza kukunja wavu alioanikia dagaa. Yeye akikunja, nami hukunja. Nikaacha birika, nikazoa dagaa wangu niliowaanika kando, nikawatia unguni na kuwaingiza kibandani. Wanaume walikuwa wanabishana kama jini hulipa ushuru wa mwalo.

Mvua ikashuka kama imemwagwa.

"Dagaa wangu!" Karabai akaruka. "Mnaona? Amefanya tena!" Akageuka, akaona ungo wangu mkavu. "Na Bibi! Kumbe mpo wawili!"

"Tupo wawili, mjukuu wangu. Na hiyo kahawa uliyokunywa, nani kaipika?"

Akakichungulia kikombe. Kitupu. "Bibi... umetia nini?"

"Haidhuru kitu. Ila ukikanyaga kwa balozi tu, itaanza kuchemka."

Karabai akaketi taratibu, mvua ikimpiga, mkono tumboni. Kwa balozi hajafika hadi leo. Na akitaka kahawa, kwanza humwonjesha Redio.