Kuzimia kwa Faida ya Taifa

Jumatatu, 3 Machi
Sina siku nyingi duniani, kwa hiyo nitasema kweli: nina hasira. Binti yangu, kitinda mimba, mhandisi wa mashine za hospitali, kanyimwa kazi katika kitengo kile kile kinachonisafisha damu. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka kumi kwenye mashine iliyoingia nchini juzi tu. Mzawa gani angekuwa nao? Kachukuliwa mtaalamu wa kigeni, bado kibali chake cha kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nani kapona?

Binti kakata rufaa. Kamati ya vibali inakaa Ijumaa. Kaniomba kitu kimoja tu: "Baba, nakusihi, usinisaidie."

Jumanne, 4 Machi
Nimewaza. Kibali hupewa bingwa. Mgonjwa akizimia mikononi mwa bingwa, ubingwa uko wapi? Nimefanya mazoezi kitandani. Mke wangu kachungulia, akauliza kama nakata roho sasa au baada ya chai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezimia! Macho juu, ulimi nje, nikiwa nimeunganishwa kwenye mashine. Mgeni akaja mbio, akabonyeza hiki na kile, akaniita "babu" kwa lafudhi ya kuudhi. Nikazinduka, nikamnong'oneza muuguzi kwamba mashine imenivuta roho. Daktari kanikataza chumvi. Potelea mbali. Vita havina macho.

Jumamosi, 8 Machi
Kibali kimetoka. Miaka miwili! Binti kaingia chumbani bila hodi, hata shikamoo hakuna. Kumbe wajumbe walikuwa upande wake. Walishaanza kulicheka lile sharti la miaka kumi. Ndipo mkurugenzi wa hospitali akasimama. Jana tu, akasema, mashine ilimzimisha mzee mmoja, na bila mtaalamu huyu tungekuwa tumeshamzika. Wajumbe wakaacha kucheka, wakapitisha.

"Mzee huyo ni nani, Baba?"

Nikamwambia wagonjwa tuko wengi.

"Kazi ilikuwa yangu," akasema. Akanifunika miguu, akatoka.

Jumapili, 9 Machi
Sijalala kwa hasira. Walaghai wakubwa! Kumnyang'anya mtoto wa watu riziki yake kwa kisa cha kuzimia kwa uongo! Hawana hata haya.

Ila kosa nimeliona. Nilizinduka mapema mno, mgeni akabeba sifa. Kesho narudi kwenye mashine. Safari hii, akinigusa yeye, sizinduki ng'o.