Golikipa wa Jemimah

Jumatano, 4 Desemba 1996
Mitihani ya kidato cha nne imekwisha, sasa nina kazi ya maana. Kaka Masese anarudi Jumapili kutoka Mombasa, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Lazima akute seti yetu imetimia. Zile kadi za wanakandanda zilizokuwa ndani ya chingamu tukiwa wadogo. Yeye alitafuna kwanza, mimi nikamalizia utamu uliobaki. Amekosekana golikipa tu.

Nimeenda Kisii mjini, dukani kwa Mzee Haresh. Bado pananukia binzari na sabuni. Amecheka mpaka akavua miwani. Ati binti yangu, chingamu hiyo iliacha kuja kabla hujajua kufunga viatu.

Alhamisi, 5 Desemba
Golikipa wa ziada anaye Jemimah, binti wa mzee wa kanisa letu la Wasabato. Yeye hana winga. Mimi ninao wawili! Nimemkuta kituo cha kupimia majani chai. Nilikuwa nimejizoeza hotuba tangu asubuhi. Kilichotoka ni kwamba majani yake ni mazuri. Akauliza kama siku hizi mimi ndiye karani wa mizani. Mwishowe nikaeleza. Amesema nije kesho.

Ijumaa, 6 Desemba
Amekubali mara moja: winga kwa golikipa. Tamaa ikaniingia. Nikataka aongeze beki. Tumevutana mpaka jua likazama nyuma ya mikaratusi. Akafunga kopo lake la kadi. Sabato imeingia dada, hatuuzi, hatununui. Nikasema kubadilishana si kuuza. Akasema niingie ndani nikamwambie baba yake hivyo. Sikuingia.

Jumamosi, 7 Desemba
Akili imenijia katikati ya mahubiri. Zawadi si biashara. Na huku kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nikimpa winga, aibu itamlazimisha anipe golikipa.

Baada ya ibada nikampa. Amefurahi kweli. Ameniombea baraka, akaenda kula. Nimengoja mlangoni hadi kwaya ikamaliza mazoezi. Mama alipouona uso wangu akauliza nani amefariki.

Jumapili, 8 Desemba
Masese amefika. Amenenepa. Tumepanga kadi mezani kama zamani, ila vidole vyake sasa vinafunika timu nzima. Akauliza golikipa yuko wapi. Nilipoeleza, chai ilimtoka puani. Akasema leo si Sabato, niende nimwombe tu, kwa mdomo.

Nimeenda. Jemimah amekataa kwa upole. Seti yake imetimia, hana haja ya kitu, ingawa nahodha wake amekunjika uso.

Sisi nahodha tunaye mmoja, safi kabisa. Masese alimpata siku niliyokuwa na malaria, akaniachia chingamu yote.

Nimefikiri sana. Jana nilikosea jambo moja tu: zawadi ilikuwa ndogo. Sabato ijayo nitampa nahodha.