Nilivyowafundisha Watoto Kumpenda Kinyonga

Leo nimeaibika mbele ya darasa la nne zima, na aliyeniaibisha hana hata sauti. Ni kinyonga.

Ngoja niwasimulie mwenyewe, maana najua video itawafikia kabla sijamaliza kuandika.

Kuna mradi mmoja unafundisha wanafunzi wa shule za msingi huruma kwa wanyama. Mie najitolea humo tangu masika (kujitolea maana yake huna mshahara ila una fulana). Wiki iliyopita mratibu wetu, Madam Konso, akaniambia: "Kassim, Alhamisi nakuja kukutazama ukifundisha. Ukinifurahisha, mkataba ni wako."

Mkataba! Nimesoma falsafa chuo kikuu, jamani. Tangu nimalize, swali pekee ambalo dunia imeniuliza ni "Kwa hiyo sasa unafanya nini?" Na anayeuliza ni mama, kila asubuhi, ameshika ufagio.

Sasa mie nina ugonjwa wa kuhoji kila kitu, nikauhoji na mradi wenyewe. Bango letu lina picha ya mtoto amemkumbatia mbwa mwenye manyoya kama zulia. Mbwa yule haishi Mwananyamala. Mbwa wa Mwananyamala anakutazama, wewe unainama kama unayeokota jiwe, yeye anaondoka. Mmeelewana. Na kumpenda mnyama mzuri ni kazi gani? Huruma inapimwa kwa yule ambaye kwenu akionekana tu, watu wanapanda juu ya vitanda. Kwa hiyo juzi nikawaambia watoto wa darasa la nne: "Alhamisi mwenye kuweza aniletee mnyama anayeogopwa bure. Tutamchunguza kwa akili, siyo kwa hadithi za bibi."

Nilitegemea chura. Nikizidiwa sana, paka mweusi.

Asubuhi nikachukua bodaboda kutoka Kawe mpaka shuleni Mwananyamala, nimevaa fulana ya mradi yenye maandishi MNYAMA NI RAFIKI YAKO. Imenibana kama ngozi ya soseji, kwa sababu saizi kubwa zilichukuliwa na watu wa ofisini. Nikaingia darasani. Watoto wote wakasimama: "Shikamoo mwalimu!" Nikajisikia mtu. Madam Konso alikuwa ameshaketi pembeni, simu juu, anarekodi kwa ajili ya wafadhili.

Mwalimu wa darasa, Mwalimu Mwajuma, mama wa makamo mwenye sauti ya kengele, akanikaribisha mbele huku ameshika fimbo. "Msikilizeni mwalimu wenu wa mradi. Leo mnafundishwa huruma. Na nikimwona mtu anampiga mnyama, nitamchapa mpaka ajute kuzaliwa!"

Madam Konso akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilitaka sana kuhoji pale. Nikaukumbuka mkataba, nikalimeza swali.

Somo likaanza vizuri mno. Nikawaambia mnyama anaumia kama wewe. Mnyama haki yake ni kutoshtuliwa, kutopigwa, kutorushwa. Wakaitikia kwa pamoja kama kwaya. Nikauliza nani kaleta mnyama. Akasimama binti mdogo wa dawati la mbele, Mwanaidi, kabeba ndoo iliyofunikwa kanga.

"Nimemtoa kwenye michongoma ya kwetu, mwalimu. Nimempa na maji."

Akafunua. Juu ya tawi, kijani kibichi, kinyonga.

Darasa lililipuka! Madawati yakabaki matupu, watoto wote ukutani. Mwalimu Mwajuma, na ule mwili wake, alikuwa tayari juu ya kiti. Sijui alifikaje.

Sasa niwaambie ukweli. Mie kinyonga simwezi. Chui nitamjadili. Lakini huyu, jicho moja linakutazama wewe na lingine linautazama ukoo wako! Na ule mwendo wa kuyumbayumba, kama mtu anayefikiria akuue leo au kesho. Lakini Madam alikuwa anarekodi. Nikatabasamu.

"Watoto," nikasema, "huyu ana kosa gani?"

"Akihesabu meno yako yanang'oka!" akapiga kelele mmoja.

"Akikushika hatoki mpaka radi ipige!" akadakia mwingine.

"Uongo, hatoki mpaka umvulie nguo!"

Nikacheka kicheko cha chuo kikuu. "Nani kati yenu amewahi kuona meno ya mtu yaking'oka kwa kuhesabiwa? Hofu ni kukosa habari tu. Kinyonga hana sumu."

"Basi mshike, mwalimu," akasema Mwanaidi. Bila ubaya wowote. Akaninyooshea tawi.

Simu ya Madam ikasogea karibu.

Nikanyoosha mkono. (Mkono wenyewe haukukubali, niliulazimisha.) Kinyonga akatoa mguu mmoja, akaurudisha, akautoa tena. Akanishika. Jamani! Vile vidole vinabana! Akaanza kupanda. Kiwiko. Bega. Taratibu kabisa, kama mpangaji anayekagua chumba.

"Mnaona?" nikasema, sauti ikiwa imepanda juu ya dari. "Rafiki. Haya Mwanaidi, mtoe sasa."

"Umesema tusimshtue, mwalimu."

"Mtoe polepole."

"Amekubana. Nikimvuta ataumia. Umesema anaumia kama sisi."

Nani alimfundisha huyu mtoto kusikiliza?

Na hapo, naapa, mie mwenye shahada ya falsafa nikageuza shingo dirishani kuangalia kama kuna wingu lolote lenye dalili ya radi. Mbingu nyeupe. Jua la Dar limewaka kama limelipwa.

Mwalimu Mwajuma akaniita kutoka juu ya kiti. "Tulia baba, nimpige!"

"Usimpige!" nikasema, nikimlinda mnyama. Kisha ulimi wa kinyonga ukatoka karibu na sikio langu, ukarudi.

"Mpige!" nikapiga kelele. "Mpige! Muueni! Muueni huyu shetani!"

Fimbo ikashuka. Ikanipata mie.

Nikakimbia nje huku naivua ile fulana ndogo ya mradi. Fulana ikanikwama kichwani. Sioni kitu, mikono imenyooka juu, tumbo liko nje, na ndani ya kitambaa kuna kitu kinatembea! Kengele ya mapumziko nayo ikachagua wakati huo kulia. Shule nzima ikatoka. Nikakimbia kama kipofu mpaka nikakumbatia mlingoti wa bendera.

Hatimaye fulana ikatoka. Nikaitupa mbali kwa nguvu zangu zote. Nikabaki na singlendi iliyotoboka kwapani, nikavuta pumzi, nikawageukia watoto na kutabasamu.

"Haya. Yamekwisha."

Wote walikuwa wanatazama juu kidogo ya macho yangu.

"Mwalimu," akasema mmoja kwa upole, "yuko kichwani."

Sitaki kueleza sauti niliyotoa. Itoshe kusema kwamba mpishi wa uji aliacha mwiko.

Mwanaidi akaja, anatembea tu kama anayekwenda dukani. "Piga magoti, mwalimu." Nikapiga. Akaweka tawi mbele ya paji langu la uso, akasubiri. Hakuvuta, hakusukuma. Kinyonga akafikiria, akafikiria, akapanda tawi lake.

"Amekuwa mweusi," Mwanaidi akasema. "Anaogopa."

"Anaogopa nini?" nikauliza, bado nimepiga magoti.

"Wewe."

Watoto wakampigia makofi. Yeye na kinyonga.

Madam Konso akanivuta pembeni, anaitazama video kwa utulivu wa daktari mwenye majibu mabaya. "Kassim. 'Muueni huyu shetani.' Hiyo iko ukurasa gani wa mwongozo wetu?"

Nikaona mkataba unaota mabawa. Nikamwona mama na ufagio. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Madam, nilikuwa naigiza. Nilimwigiza mtu asiyeelimika, ili watoto waone ubaya wa hofu."

Akanitazama. Akatazama video. Akanitazama tena, hasa pale kwapani.

"Yote ile ilikuwa maigizo?"

"Yote, madam."

"Hata kukumbatia mlingoti?"

"Hasa mlingoti."

Akanipa mkono. "Basi hongera, umepata mkataba. Sijawahi kuona watoto wakielewa somo namna ile. Utaliigiza hivyo hivyo kila shule. Kinyonga tutakutafutia."

Nimesaini. Wiki ijayo tunaanzia Temeke. Yeyote mwenye mtoto anayesoma huko, namwomba kwa unyenyekevu: siku hiyo mtoto augue.